Buti Zangu na Sanduku la Ripeka

Mshauri mpendwa, kabla ya yote ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, mkoa mzima wa Southland unanijua, niliacha shule kabla sijajua kuandika vizuri nikaenda kunyoa kondoo, nikauchukua ubingwa, na hata leo wapo wanaume wenye nguvu zao wanaousimulia mkono wangu, kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu ujue jambo limenizidi.

Kwenye kilima cha nyuma ya shamba langu watu wa idara ya fizikia ya chuo kikuu wamefukia sanduku la kupimia usumaku wa dunia, wakalizungushia ua wa mbao tupu usio na msumari wa chuma, kwa sababu sanduku lile likisogelewa na chuma linashtuka kama farasi aliyeumwa na nzi, na msichana anayelisimamia anaitwa Ripeka, ndilo analosomea shahada yake ya uzamivu, na tangu marehemu mke wangu aondoke hakuna aliyelijaza jiko langu kelele kama yeye na wanafunzi anaokuja kuwafundisha, wanafika wamepauka kwa baridi, nawachomea mikate iliyoviringishwa na jibini ndani, wanaila yote, halafu Ripeka ananieleza habari za jua na sumaku, nami namwambia hayo nayajua tangu yeye hajazaliwa, anacheka, ananiita babu, na mimi sina mjukuu mwingine.

Basi akanipa kazi, nipite mara moja kwa wiki nichungulie kama sungura wametafuna waya, ila mimi kazi siifanyi nusunusu, naenda kila siku nikishakula cha mchana, tena naingia ndani kabisa, na sheria ni kwamba langoni unavua kila kitu cha chuma, na buti zangu zina chuma mbele ya vidole.

Sasa hapa ndipo penye shida, na jina langu ulibadilishe. Kuvua naweza, nasukuma kisigino kwa fimbo. Kuvaa ndiko siwezi, mgongo haukunji tena, asubuhi nakaa kitandani na kijiti nilichokichonga, navuta kamba mpaka chai inapoa, na kule kilimani hakuna pa kukaa, nikizivua nitarudi nyumbani na soksi juu ya jalidi. Usiniambie habari za gambuti, gambuti ni za wakamua maziwa. Na binti yangu Fenella aliyeko Invercargill alishasema, siku nitakaposhindwa kujivalisha ananipeleka kwenye nyumba ya wazee karibu naye, nimeiona, dirisha linatazama maegesho ya magari, kwa hiyo huyo namwambia naruka ua kama dume la kondoo, na mwingine yeyote namwambia hivyohivyo.

Wiki iliyopita Ripeka alikuja macho yanawaka, akasema sanduku linaonyesha mtikisiko mdogo kila siku jua likishapita utosini, masanduku yao mengine hayana kitu hicho, na Profesa Lockhart anayemsimamia amemwambia ahakikishe kwanza asije akajiaibisha, ndipo akaniuliza.

"Babu, kule huingii na chuma, sivyo?"

"Hata sindano."

"Na buti je?"

"We mtoto, unamfundisha bingwa kuvua viatu?"

Akanikumbatia, akasema basi ni jua kweli, ila kuna kitu kinamkera kidogo, Jumapili ule mtikisiko haupo. Jumapili ndiyo siku Fenella hunichukua twende kanisani na kula kwake mjini. Nikamwambia labda jua nalo lina dini. Alicheka mpaka akashika meza, mimi mkate wangu nikaurudisha kwenye sahani.

Mwisho wa mwezi huu idara inakuja kwenye ukumbi wa shule yetu kama kila mwaka, wawaonyeshe watoto cheche za umeme na mambo yao, na safari hii Ripeka atasimama mbele ya wilaya nzima na maprofesa wa kutoka mbali awatangazie alichogundua, na mimi nimewekewa kiti cha mbele. Mpango wangu ni huu, nikae kimya, halafu usiku ule ukipita nisiingie tena kule, mtikisiko utakufa wenyewe, watasema jua limebadili tabia. Mimi naona ni mpango mzuri. Niambie ni mzuri nipate kula.

Bingwa, Southland

JIBU

Mzee wangu bingwa, mpango wako ni mbovu, na unajua ni mbovu, ndiyo maana umeniandikia.

Jina nimelibadilisha kama ulivyotaka, ingawa sijui linasaidia nini, mabingwa wa kunyoa kondoo wenye sanduku la chuo kilimani hawajai lori. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa posta kwanza. Gazetini litatoka wiki ijayo, na likitoka nataka liwe limeshapitwa na wakati.

Pole kwa mgongo. Pole pia kwa jiko lililonyamaza, hilo nimelisoma hata pale ulipokuwa unajisifu. Lakini hebu fikiria unachotaka kumfanyia binti wa watu. Atasimama, atasema, watampigia makofi, halafu kesho yake kitu alichokiona kitatoweka. Unadhani ataacha? Hataacha. Atakitafuta miaka, atajilaumu yeye na hesabu zake, na wewe utakuwa unamchomea mikate ukimtazama anavyokonda. Huo ni ubabu gani? Tena alikuuliza wazi. Jumapili ilikuwa imeshaanza kumnong'oneza, wewe ukaifunga mdomo kwa mzaha.

Sasa fanya hivi. Mpigie leo, aje na chombo chake cha kusomea vipimo. Muombe asimame nje ya ua akitazama, nawe uingie na buti zako kama kila siku, utoke, uzivue langoni, uingie tena na soksi. Usihutubie. Mwache aone kwa macho yake, kwa sababu hiyo nayo ni kazi yao, kujua kipi ni jua na kipi si jua, na kosa alilolikamata mwenyewe kabla ya kusimama ukumbini halimwaibishi mtu. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa ubingwa.

Fenella mwambie siku hiyohiyo, asije akalisikia dukani. Mwambie kamba zinakushinda, na mwambie unachotaka: kubaki shambani, na mtu wa kupita asubuhi. Wanaohamishwa upesi ni wale wanaoficha mpaka waokotwe chini wameanguka. Nunua gambuti zisizo na chuma, wakamua maziwa hawatakufa kwa hilo. Na waombe wale wanafunzi wakutengenezee benchi la mbao pale langoni, mikono wanayo.

Kiti chako cha mbele kakikalie, hata kama atakuwa na kitu kingine cha kusema. Na siku ile kilimani, akishamaliza kukukasirikia, akainama mwenyewe kukufunga kamba, usirudishe mguu nyuma. Simama, mshike bega, umwache akufunge.

Mshauri wako