Ng'ombe Wakamatwe, Mtu Aachwe

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Heshima yako naitoa, ila hasira sijaiacha mlangoni.

Wiki ya tatu tangu tukuzike. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, ndugu zako wakakaa kikao. Unajua waliamua nini? Robi, mwanangu, mjukuu wako wa kidato cha pili, aolewe! Ng'ombe wa mahari yake wapelekwe kwa mume niliyemkimbia, mahari yangu iishe kudaiwa.

Na wewe ndiye chanzo. Wewe, msomi wa seminari! Tukipukuchua mahindi uani hapo Kerende ulinifundisha majina ya Kilatini ya waliofungwa. Captivus, aliyetekwa vitani. Servus, mtumwa. Addictus, mdaiwa ambaye hakimu amemkabidhi kwa anayemdai. Na nexus, aliyeuweka mwili wake mwenyewe rehani. Huyo alikuuma kuliko wote. Ulipiga gunzi chini: "Bhoke, mwili wa mtu si rehani!" Hata Warumi, ukasema, mwishowe walichoka na aibu hiyo: ishikwe mali ya mdaiwa, mwenyewe aachwe.

Kisha ukapokea ng'ombe wangu. Wiki haikuisha, ukawatoa mahari ya mke wa kaka yangu Chacha. Nilipokuja na jicho limevimba ulisema, "Rudi, mama. Ng'ombe hawapo tena." Mara tatu, Tata! Ulikuwa mwalimu gani wewe? Neno unalijua kwa Kilatini, mwenye neno amesimama mbele yako humwoni.

Basi nikasimama kikaoni. Najua, sisi wanawake hatusemi pale. Nikasema hivyohivyo: mji wa Chacha umejengwa kwa ng'ombe wangu, na leo zizi lake limejaa. Ng'ombe wakamatwe, mtu aachwe. Baba mdogo akanifokea, "Kaa chini, wewe!" Sikukaa. Mke wa Chacha akainuka huko jikoni, mikono ina unga, akaja kusimama kando yangu. "Wifi amesema kweli. Na mimi nina mabinti." Basi. Chacha akainuka, akaenda kufungua zizi. Aliwaswaga wale ng'ombe mwenyewe mpaka kwa yule mume niliyemkimbia.

Daftari lako la Kilatini nimelichukua bila kuomba ruhusa. Robi analisoma hapa kwangu Bomani. Jana akaniita, "Mama, njoo uone." Ukurasa wa mwisho, mwandiko wako wa siku za ugonjwa, umepinda: manumissio, kumwachia mtu awe huru. Chini yake umeandika Bhoke.

Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka yote hiyo! Kutoka Kerende mpaka hapa ni bodaboda moja tu, Tata. Ningekuja. Kwa neno hilo moja ningekuja hata kwa miguu.

Lala salama. Kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, na Robi haozwi kulipia deni la mtu. Hasira ikibaki nitakuja nayo, tutakaa wote watatu: wewe, mimi na hiyo hasira.

Mwanao Bhoke, ambaye si rehani.