Matundu Mawili kwenye Tangi la Mama Shirin

Shikamoo, Fundi.

Najua hukupenda kusoma kitu kirefu kuliko kipimo cha dirisha, lakini hili nimeshindwa kukaa nalo peke yangu. Nimelitoboa tangi la Mama Shirin.

Ni lile tangi la samaki uliloliunga kabla hujalazwa, la mwisho kutoka mikononi mwako. Tangu tukuzike limekaa karakanani Njoro, nimelifunika kwa kitenge, likingoja matundu mawili ya mabomba. Mama Shirin alilitaka kwa ajili ya darasa la chekechea alilofundisha hadi akastaafu. Wateja wengine walikuja msibani wakanipa pole, kisha wakarudi kuchukua vioo vyao na kuvipeleka kwingine. Yeye alikuja, akasalimia, akauliza tu, "Ndeshi, lini?"

Nilimzungusha wiki tatu. Niliogopa, Fundi. Kioo changu kikipasuka nakata kingine. Hili lingepasuka, nani angeniunganishia jingine kama lako?

Nilikumbuka nilivyokuja kwako, goti limeharibika kwa kazi ya upagazi mlimani, sijui hata kushika kisu cha kioo. Watu walikuuliza mwanamke mzima kama mimi utamfundisha nini. Ukawajibu, "Huyu amebeba mizigo ya watu mpaka juu hajaangusha. Kioo atakiangushaje?" Hukuinua hata kichwa, uliendelea kukata. Mimi nilikwenda nyuma ya karakana nikalia.

Basi Jumanne nilianza. Nilizungushia alama ya tundu duara la udongo, nikajaza maji katikati kioo kisipate moto, nikaishika drili ikiwa imelala kidogo, kisha nikaisimamisha polepole. Sikuikandamiza. Nilifumba macho kama ulivyokuwa ukinilazimisha, nisikilize. Sijawahi kuona mtu mwingine anayejua kwa sikio tu kioo kimebaki unene gani. Wewe ulikuwa ukiongea na mteja mlangoni, mara unanigeukia: "Pole pole sasa, unakaribia." Na kweli nilikuwa nakaribia.

Tundu la kwanza lilitoka safi. La pili, mwishoni kabisa, nilisikia mlio umebadilika, nikachelewa kulegeza mkono. Kipande kidogo kama ukucha wa mtoto kilimeguka upande wa chini.

Nilikaa chini, Fundi. Nilijua mpira wa bomba ungeufunika mmeguko huo na hakuna ambaye angeuona. Hapo ndipo nikakumbuka kile kioo cha meza ya yule mzee wa Sanya Juu. Kilipasuka mikononi mwako, ukavaa koti la kanisani, ukaenda mwenyewe kumwambia. Hukusingizia umeme wala mimi niliyekuwa nimekishika upande wa pili.

Nikamwita Mama Shirin. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ule mmeguko.

"Marehemu angeniambia?" akauliza.

"Angekuambia kabla hujakaa," nikamjibu.

"Basi funga mabomba yako."

Tulilijaza maji, nikatandika magazeti chini, nikayaangalia siku tatu. Yalibaki makavu. Juzi nilikwenda shuleni. Watoto wamebandika pua kwenye kioo chako, kila mmoja anadai samaki mwekundu ni wake. Viungo ulivyovipaka silikoni vimenyooka hata ukiviangalia kutokea pembeni. Mwalimu wao aliniuliza nani amelitengeneza. Nikataja jina lako, halafu ikabidi nitoke nje kidogo.

Mkeo Mama Aika hajambo, anakukumbuka sana. Nilipopanda Kirua kumsalimia alinionyesha dirisha la jikoni lenye ufa, lililozibwa kwa kipande cha boksi tangu binti yenu akiwa mdogo. Nusu ya madirisha ya Moshi yamepita mikononi mwako, na la mkeo uliliahidi kila Krismasi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikatoa futi ya kupimia.

Nimeshachukua kipimo na kioo nimekikata. Jumamosi nitapanda nacho, na nikimaliza nitashuka kihambani, pale kati ya migomba tulipokulaza, nikae nawe kidogo.

Pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi, Jumapili mkeo atapika bila upepo.

Ndeshi