Chai ya Kijani ya Baba Mkwe

Mama Nabintu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba mkwe wangu anahama, na mimi ndiye ninayesemwa kuwa nimemfukuza.

Mume wangu Natanaeli anafanya kazi Mbarara, kwenye duka la Mchina la vifaa vya ujenzi, hurudi hapa kambini Nakivale mwisho wa juma, na baba yake, aliyetembea na watoto wake kutoka Kivu Kusini na ambaye kwa heshima ya sisi Banyamulenge jina lake siwezi kulitaja hata kwenye barua, tunakaa naye tangu alipofiwa na mkewe, na ninampenda kama baba aliyenizaa. Juzi juzi alipimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari, muuguzi akasema kwa Kinyankore, na Natanaeli akamtafsiria mzee kuwa ni uchovu tu, kwa sababu mdogo wake mzee alikufa kwa ugonjwa huo huo na tuliogopa atakata tamaa, basi vidonge tukaviita vya nguvu, na sukari tukasema tuiondoe kwa akili. Natanaeli akaleta majani ya kijani kutoka kwa bosi wake, ile chai ambayo Wachina wanainywa bila sukari wala maziwa, akasema mzee akiona ni chai ngeni hatauliza.

Kweli hakuuliza, lakini aliona. Ninaichemsha kwenye mbabula ya makaa mpaka inakolea, nampelekea kwenye kiti chake mlangoni, kisha narudi jikoni kunywa yangu ya maziwa na sukari, kwa sababu kwetu mkaza mwana hali wala hanywi mbele ya baba mkwe, na yale majani siyatupi, Natanaeli alisema bosi wake huyaongezea maji mara ya pili na ya tatu na hapo ndipo hunoga, basi nami naongeza, na mzee akaniona naongeza maji kwenye makapi. Hakugomba. Anamaliza kikombe chote, anakirudisha kwa mikono miwili, anasema, "Aksanti, mutoto yangu." Lakini Jumapili baada ya ibada alimwambia dada yake, shangazi Nyirakamana, naye akaniletea maneno yote: "Miye sina neno. Lakini hata mupita-njia banamupatiaka sukari. Miye banaongezeaka mayi ku makapi. Nimeelewa, bamenichoka."

Sasa amemwita Venuste, mpwa wake wa Endiinzi, aje kumchukua kwa pikipiki, na kule sukari itamwagwa kikombeni bila kupima na hakuna anayejua habari ya vidonge. Nikisema ukweli, mume wangu ataona nimetoa siri yake. Nikinyamaza, mzee anaondoka na kidonda moyoni, na huko atakufa akijua nilimchukia. Nifanye nini, Mama?

Uwizeye, Nakivale


Uwizeye mwanangu,

Jibu hili nakutumia kwa simu kwanza. Gazetini litatoka mzee akishajua mambo yake, asije akayasoma kwa jirani.

Futa machozi. Mchoyo si wewe, na majirani waache waseme, kusema ndiyo kazi yao. Ila nitakugombeza, wewe na huyo Natanaeli wako. Mlitoa sukari kikombeni mkasahau kumpa mzee sababu. Mtu asiyepewa sababu hujitafutia yake, na mzee akikaa peke yake mlangoni ataipata ile ile ya kila mzee: bamenichoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mmevuka mpaka, mmemficha mgonjwa mwenyewe! Baba huyo alitembea kutoka Kivu Kusini na watoto wake, amezika ndugu, amezika mke. Leo mnaogopa ataangushwa na jina la ugonjwa?

Halafu, binti, chai ya Wachina haichemshwi. Umekuwa ukimnywesha mzee wa watu dawa ya minyoo. Chemsha maji peke yake, yaepue, yaache yatulie kidogo, ndipo umimine juu ya majani machache na kufunika. Ukiona rangi imegeuka kuwa ya nyasi changa, mimina kikombeni. Hapo haiumi ulimi. Na usisahau, chai si dawa. Vidonge aendelee navyo, na habari ya maziwa muulizeni muuguzi, mimi si daktari.

Mpigie Natanaeli leo, umwambie aombe ruhusa arudi Ijumaa. Yeye ndiye aliyetafsiri uongo, na yeye ndiye atakayetafsiri ukweli, ameketi chini mbele ya baba yake, na aombe radhi. Akisitasita, mwite shangazi Nyirakamana. Dada wa mtu anaweza kusema yale ambayo heshima inakufunga wewe mdomo.

Kisha chai ipikwe pale pale mlangoni, mzee akiona. Natanaeli anywe naye ya kwanza, aongeze maji kwenye majani yale yale, wanywe tena pamoja, ajue kwamba makapi hayo mwenye nyumba naye anayanywa. Wewe rudi jikoni kama ulivyofundishwa, heshima yako usiiache. Lakini ujimiminie kutoka birika hilo hilo, bila sukari, na mlango uache wazi. Desturi inakukataza kunywa mbele yake. Haikukatazi kunywa anachokunywa.

Kuna jambo uliliandika haraka haraka ukalipita, nami limeniliza. Unasema humaliza kikombe chote. Mzee anayeamini kuwa anafukuzwa anakunywa uchungu ule mpaka mwisho, anarudisha kikombe kwa mikono miwili na kukuita mtoto wake. Unadhani alipenda ladha? Alikuwa anakusitiri aibu, mwanangu. Ninyi mmemficha ugonjwa kwa sababu mnampenda, naye amewaficha maumivu yake kwa sababu hiyo hiyo.

Basi yatosha. Venuste akifika Jumamosi, mkaribisheni vizuri, mmiminieni naye kikombe cha kijani, kisha arudi Endiinzi na pikipiki yake, peke yake.

Mama Nabintu