Sikuharibu Mtutu

Tororo, Alhamisi, 14 Machi 1963

Sikuharibu mtutu. Nimesema hivyo tangu Jumatatu, na leo Afande ameona mwenyewe.

Risasi za Afande Ochieng, askari wetu wa wanyama, zilikuwa zinaipiga karatasi ya shabaha kwa ubavu na kuacha matundu marefu. Akaniambia, "Wewe Mkamba naharibu bunduki yangu na hiyo ufito ya kusafisha. Jumamosi wewe narudi kwenu." Kitui ni mbali, na zaidi ya hii ya kumbebea maji na kumsafishia bunduki, kazi nyingine sina.

Leo nilifunga kitambaa cha kubana kwenye ufito, nikautia alama ya chaki, nikausukuma mtutuni taratibu. Ulizunguka ukifuata mifereji ya ndani, na mzunguko mmoja ulimalizika baada ya inchi kumi na nne. Mifereji ya hivyo inazungusha risasi polepole. Risasi fupi inatosheka. Lakini hizi mpya alizonunua Busia, akizipendea uzito, ni ndefu na zinataka kuzungushwa haraka. Zisipopata, zinayumba kama pia iliyochoka.

"Afande, piga tano za zamani, zile fupi."

Akapiga. Matundu matano ya mviringo, yote nikayafunika kwa kiganja kimoja.

Alivua kofia, akajikuna. "Mkamba, shule ulifika wapi?"

"Darasa la tatu, Afande."

"Kesho tunakwenda Merikit, nguruwe wanamaliza njugu za watu. Risasi, wewe nachagua."

Karatasi ile nimeikunja humu daftarini. Mabega bado yananiuma kwa kubeba maji, lakini Jumamosi nitakuwa hapa hapa.