Nyumba Isiyo na Ardhi

Nyumbani,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko? Na mgongo je, bado unakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima, na nikisema wazima, wa kwanza kumtaja ni Mama. Jumatatu katoka hospitali, jana kanigombeza kwa kuunguza vitunguu. Basi ujue amepona.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema tangu usikie Mama kapigwa shoti na friji, chakula hakipiti, kwa sababu wayaringi ya nyumba hii uliifanya wewe ukiwa fundi kijana. Ndiyo maana hata simu hupigi, eti utamwambia nini shemeji yako. Tua mzigo, Baba Mdogo, unisome kwa utulivu.

Jumatano alikuja mkaguzi wa umeme, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua soketi ya ukumbini, akachungulia, akatikisa kichwa. "Mama, nyumba hii haina ardhi."

Weee! Mama akainuka na bendeji yake mkononi. "Haina ardhi? Marehemu mume wangu kanunua kiwanja hiki kwa jasho lake!" Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya hati, akamtupia mapajani. Mkaguzi wa watu alikuwa anasema waya wa ardhi, ule mnaouita ethi, unaopeleka umeme uliovuja chini usipite mwilini mwa mtu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini heri kosa lile. Nyuma ya hati palikuwa na karatasi ya manjano, cheti cha ukaguzi cha mwaka ule ulipomaliza kazi, kina saini yako na muhuri. Kimeandikwa: "Jikoni na bafuni, ardhi ipo. Vyumba vikavu, haihitajiki." Mkaguzi akatueleza kwamba kanuni hizi hazikuzaliwa siku moja. Mwanzoni nyaya mbili zilitosha nyumba nzima. Watu walipozidi kuumia penye maji, ikaamriwa ardhi huko kwanza. Miaka mingi baadaye ndipo ikatakiwa kwenye kila soketi, na nyumba zilizokwisha jengwa zikaachwa zilivyo. "Huyu fundi," akasema, "alifuata kila neno la kanuni ya siku zake." Mama aliposikia hivyo alilia. Nami pia, sikufichi.

Sasa mwenye kosa. Ni mimi. Friji ilikuwa jikoni, kwenye soketi yako ya matundu matatu. Nikaleta kabati la vyombo, pakabana, nikaihamishia ukumbini. Kule matundu ni mawili, basi nikachukua msumeno nikaukata mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi, najiona fundi! Miezi mitatu friji ikawa inatutekenya vidole, tukafanya mzaha kwamba inasalimia. Siku ile Mama alikuwa anapiga deki, miguu mitupu, akashika mlango wa friji. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mguu wenyewe niliukata. Mama nimemwomba radhi, na wewe nakuomba.

Friji mbovu imeondoka. Fundi amepigilia fimbo ya shaba nje ya dirisha la jikoni, akavuta waya hadi kila soketi. Mama alimsimamia kutwa, kila baada ya dakika anauliza, "Umefika ardhini?"

Msalimie Mama Mdogo, na wajukuu wote hadi yule anayetambaa. Mungu akulinde, akupe na usingizi, maana sababu ya kuukosa imekwisha.

Mama kaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie shemeji nyumba ina ardhi. Hati ninayo, waya ninao. Kilichobaki ni sauti yake."

Mwanao akupendaye, aliyekwisha kuficha ule msumeno,
Chiriku

Mama simu yake ameichomeka kwenye soketi mpya tangu asubuhi. Imejaa, na bado hataki niichomoe.