Khanga ya Mama na Tumbo la Gitaa

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Mwajuma aliniambia siku hizi unafika msikitini bila mkongojo, nikafurahi, ingawa kwa ukaidi wako yawezekana mkongojo umeuficha tu. Na Mama, kifua chake kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Kinachouma ni kingine, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungeitikia tu salamu yangu, nami ningekudanganya tena.

Nasema tena kwa sababu nimekwisha kukudanganya. Ile sauti ya gitaa niliyokutumia siku ya Idi, ile uliyowasikilizisha wenzako barazani hapo Tabora ukawaambia, "Mnasikia? Hilo ni langu," haikuwa ya gitaa lako ulilonipa nije nalo. Nilipiga gitaa jipya la dukani ninapofanya kazi, Kariakoo, nikalirudisha ukutani kabla tajiri hajarudi kutoka kuswali. Lako wakati huo lilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, bubu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Nilipofika nalo hapa, vijana wenzangu walilicheka. Wao wana magitaa membamba ya mbao nzima, mekundu, yenye pembe. Langu, na tumbo lake tupu na matundu mawili usoni, wakaliita kabati. Lakini walinyamaza lilipoanza kusema. Mchana nililipiga kwenye hoteli moja kule Posta, jazi ya taratibu, watu wanakula, na hakuna aliyelazimika kupaza sauti kumwita mhudumu. Jioni hiyohiyo nikalipeleka mazoezini kwa kina mama wa taarabu, likakaa kati ya kinanda na fidla kana kwamba limezaliwa humo. Kwenye sebene nako halikuomba msaada. Na umeme ukikatika hapa uani, magitaa ya wenzangu yanabaki mbao tu, lako linaimba kwa tumbo lake. Mwenye nyumba wetu, Bi Tatu, alikuwa akilisikia anaacha kuchambua mchele. Alisema lina adabu. Nilivimba kichwa, Baba, utadhani nimelichonga mimi.

Kisha bendi moja ya harusini ikanichukua. Kiongozi wake, Kaka Beno, alinipanga mbele kabisa ya spika, nayo ilikuwa ndefu kuliko mimi. Bibi harusi akaingia, nikagusa nyuzi, gitaa likaanza kuvuma. Mimi nikadhani halisikiki, nikaongeza sauti. Likapiga yowe. Watoto wakaziba masikio, bibi harusi akasimama palepale mlangoni, na shangazi yake akanitazama kama niliyemvua mwali mtandio. Kaka Beno hakugomba. Alisubiri tumalize, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, hilo kabati lako kesho libaki nyumbani."

Hapo ndipo nilipotakiwa nikupigie simu, wewe uliyelipiga gitaa hilo kwenye kumbi za dansi miaka yote. Sikupiga. Nilijiona mtu wa Bongo, tena mtu wa duka la spika, nimuulize nini mzee aliyeko Tabora? Jirani wa duka letu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Ana povu la kopo, lile wanalopulizia kuziba mianya ya fremu. Nikafikiri: gitaa linavuma kwa sababu tumbo ni tupu, sauti ya spika inaingia humo na kuzunguka, basi nikilijaza litatulia. Nikaingiza mrija wa kopo tunduni, nikapuliza mpaka nikaona limeshiba.

Lilitulia kweli. Povu lile likikauka huwa gumu, na kabla ya kukauka hutanuka. Asubuhi nikaukuta uso wa gitaa umefura, umepasuka mstari mmoja kutoka tundu la kushoto hadi chini ya nyuzi. Nikagusa uzi mnene. Ilikuwa kama kugonga meza. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikalificha. Ningeendelea kulificha mpaka leo, kama usingepiga simu kusema Mwajuma anaolewa na unataka atoke ndani kwa sauti ya gitaa lilelile. Nilikujibu "Inshallah." Kesho yake nikalipeleka kwa Mzee Ramadhani, mwenzako wa bendi aliyekuwa anapiga besi, ambaye siku hizi anatengeneza magitaa huko Msimbazi. Alimulika ndani kwa tochi, akaligonga povu kwa ukucha. Nilitamani anitukane. Mwishowe akasema, "Baba yako alikuwa anatia khanga. Hakukupa khanga?"

Ndipo akanieleza kwamba kabla ya kupiga ulikuwa unawapa watu mgongo, unasokomeza khanga ya Mama tumboni mwa gitaa kupitia tunduni, nalo linatulia mbele ya spika yoyote. Mkimaliza unaichomoa kwa waya uliopinda. Kumbe ndiyo maana sisi wanao nyumbani tulilisikia likiwa huru, tusijue kitu.

Na khanga nilipewa, Baba. Siku naondoka, Mama aliipenyeza kwenye mkoba wa gitaa, kile kipande cha bluu kilichochakaa, akasema, "Hii ni ya gitaa." Nikajua ni ya kufutia vumbi. Nimeifutia vumbi kweli, la gitaa na la spika zote za dukani, na siku moja ya mvua nikaifutia viatu. Nilipotoka kwa Mzee Ramadhani niliikuta inaning'inia kwenye msumari nyuma ya duka. Niliona haya hata kuitungua mbele ya wenzangu.

Sasa Mzee ameufungua mgongo wa gitaa. Kila Jumapili asubuhi naenda kukwangua povu kwa kisu kidogo, yeye ananisimamia na kikombe chake cha kahawa. Anasema litasema tena, ila ufa utabaki, na sauti haitakuwa ile uliyoizoea. Usiniambie si kitu. Ni kitu, nami najua.

Harusini nitakuja nalo, mgongo wake uwe umefungwa au bado. Wenzako wa barazani nitawaambia mwenyewe kwamba sauti ile ya Idi ilikuwa uongo wangu, wasije wakasema masikio yako yamezeeka. Sidhani kama yamezeeka. Tangu siku ile hujaniomba nikutumie sauti nyingine, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nisalimie Mama, lakini habari ya viatu niachie nimwambie mimi. Msalimie Shangazi Mwanaidi, aliyenifungia mkoba siku ya safari, na bwana harusi wetu, shemeji yangu mtarajiwa. Mwajuma mwombe asinichukie kabla hajaniona.

Khanga nimeifua mara tatu. Doa la kiwi ya viatu limegoma kutoka, nitaileta hivyohivyo. Nakuomba usiwaambie watu kwamba nitapiga. Waambie tu kwamba nakuja.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuonea haya,
Hamisi