Kabla Hujamfukuza Neema

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile, umeamkaje, mke wangu wa utani? Huku Lufingo mvua haijui kupumzika. Bibi yako anakohoa kidogo, ila nguvu za kunigombeza anazo, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote.

Sasa unaniuliza eti umfukuze Neema, kwa kuwa kila saa anaikimbia meza yake hapo kwenye bekari yako ya mikate. Mnanichosha nyie wenye diploma! Umetazama anamkimbia nani?

Ujanani nilibeba magunia kwenye ghala la kahawa kule Masoko. Bosi wetu, mtu wa mbali, alimweka mama mmoja achambue kahawa, na mzee mmoja amletee magunia. Kila mzee akiingia, mama anachomoka kwenda kujificha migombani. Kazi ikalala. Bosi akafoka, "Mvivu huyu! Leo anaondoka!"

Akiondoka, watoto wake wangekula nini? Nikamwambia, "Bosi, huyo mzee ni baba mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na mkwewe."

"Mbona hakusema?"

"Aseme vipi, na hata jina la mkwewe halitaji?"

Magunia nikaingiza mimi, mzee akahamia uani kuanika. Mama akachambua mpaka mimi, dume zima, nikaomba maji.

Neema hana mkwe hapo, najua. Lakini mwanamke hukimbia pia mwanamume anayemsumbua; kesho kaa karibu na meza yake, uone nani akiingia yeye hutoka. Akiwa ni yule mchomaji mikate wako unayemsifu kila siku, basi wa kuondoka si Neema.

Babu yako anayekupenda, hata ukimkasirisha.